Weusi wa Miaka Minane

Baada ya hitima ya bibi, mwaka 2019, nilipanda ghorofani nyumbani kwetu Mji Mkongwe nikalikuta kasha lake limekuwa jeusi. Si mbao zake. Zile ni msaji, zimevumilia. Ni shaba iliyolipamba: misumari iliyopangwa kwa maua, mabamba ya pembeni, kitasa na bawaba. Nililipenda hivyo hivyo. Niliuona ule weusi kuwa uzee wenye heshima.

Shangazi alitaka lisuguliwe kabla ya Idi. Nilimpinga kwa ujuzi wa kusoma. Nilimweleza kwamba shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ikikaa kwenye hewa yenye unyevu na chumvi kama yetu, uso wake hufifia, ukawa wa kahawia, kisha mweusi, na kijani kikaingia kwenye mikunjo. Anayesugua haondoi uchafu peke yake. Anaondoa na shaba kidogo kidogo. Ndiyo maana wanaokusanya vitu vya kale huogopa kuving'arisha.

"Tutafuta alama za bibi," nilimalizia.

Shangazi alinitazama. "Alama zipi, mwanangu? Bibi yako alikuwa akilisugua kila Shaaban, kwa ukwaju na majivu. Hilo halikuwahi kuwa jeusi mpaka alipolala kitandani."

Nilihesabu. Kiharusi kilimpata mwaka 2011. Miaka minane. Miaka hiyo nilikuwa Dar es Salaam, kwanza masomoni, kisha kazini, nikipiga simu Ijumaa nilizokumbuka. Boti ingenifikisha Unguja kwa saa mbili hivi. Nilichokiita historia ya bibi kilikuwa historia yetu sisi, ya kutokuwepo, nami nilikuwa nataka kihifadhiwe kwa sababu kilinipendeza macho.

Fundi tuliyemwita alitupa njia ya tatu. Angelisugua kwa mashine, kisha angelipaka vanishi ili hewa isiifikie shaba. "Litakuwa jipya," alisema. "Hamtahangaika nalo tena miaka mingi."

Sikumwona mwongo. Kukipa kitu cha kale sura mpya si dhambi. Bibi mwenyewe alifanya hivyo kila mwaka. Kilichonikwaza ni hayo maneno ya mwisho. Nilipoinama kuliangalia kasha kwa karibu, niliona nakshi ya bamba la kitasa imelika, karibu kuwa laini kabisa. Mashine haikuwahi kuligusa. Ni mkono wa bibi uliolila, Shaaban hadi Shaaban. Basi hata matunzo hula. Hakuna njia ya kukipenda kitu kikabaki kilivyo: ukikiacha kinachakaa, na ukikitunza pia kinachakaa. Unachoweza kuchagua ni kitachakaa kwa sababu gani, na mbele ya nani.

Tulilisugua wenyewe, shangazi na mimi, siku mbili nzima, kwa ukwaju, majivu na vitambaa vya khanga kuukuu. Pembe moja niliupaka ukwaju nikaenda kupokea simu ya kazini. Nilichelewa. Niliporudi, bamba lilikuwa limegeuka rangi ya waridi: asidi ikikaa sana huila zinki, ikaiacha shaba nyekundu juu. Nilisugua tena na tena, halikurudi sawa.

"Liache," alisema shangazi. "Wajukuu wakiuliza, tutawaambia ni wewe na simu yako."

Vanishi hatukupaka. Najua maana yake: kwa hewa ya pwani, haitachukua miezi mingi kabla shaba haijaanza kufifia tena. Shaaban ikikaribia shangazi hunipigia, ananiuliza kama ukwaju aununue yeye au nitakuja nao.