Thamani ya Kitu Kilichoharibika

Bei ya kitu kizima huulizwa sokoni, na soko hujibu. Lakini bei ya kitu kilichoharibika, ambacho si kizima wala si taka, huulizwa katika nafsi ya anayeuza na katika nafsi ya anayenunua, na majibu ya nafsi mbili hizo aghalabu hayapatani. Tuchukue mathalani karavani, ile nyumba ya magurudumu iliyofanywa kwa bati jepesi juu ya fremu ya mbao na mhimili wa chuma, ikakusudiwa kukokotwa nyuma ya gari na kumlaza msafiri, ambayo sasa imesimama chini ya mwembe katika ua mmoja wa Lubumbashi, matairi yamepasuka kwa jua, madirisha yameingia ukungu, na mwenyewe anasema kuwa ni mali. Mpita njia anasema kuwa ni takataka. Nadhani wote wawili wanasema kweli, na kwa sababu hiyo hapana hata mmoja wao anayestahili kuachiwa kutaja bei peke yake.

Mwenye karavani hauzi bati na mbao tu. Anauza safari alizowahi kusafiri, watoto waliolala humo walipokuwa wadogo, na fedha aliyoitoa siku ile kitu kilipokuwa kipya. Na kwa kuwa mambo hayo yote ni kweli kwake, huyaingiza katika bei bila kujua, akadhani anataja thamani ya kitu, kumbe anataja thamani ya umri wake mwenyewe. Mnunuzi naye hanunui kile anachokiona. Ananunua chumba safi chenye pazia, kilichopakwa rangi, kinachoshika barabara ya Likasi siku ya Jumamosi. Na maadamu chumba hicho kimekwisha kukamilika katika dhana yake, yu tayari kulipa leo fedha ya kitu kitakachokuwapo mwakani. Kumbukumbu ni ya mmoja, tumaini ni la mwingine, na hapana mizani iwezayo kupima lolote kati ya hayo mawili. Kitu kimoja tu baina yao kina kipimo, nacho ni kazi itakayoivusha karavani kutoka hali iliyo nayo hadi hali inayotamaniwa.

Wenye hekima wa kale waliligusa jambo hili. Aristotle alifundisha kuwa kila kitu kina matumizi mawili, kutumiwa chenyewe na kubadilishwa kwa kingine. Na Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, katika Mukadima aliyoiandika mwaka 1377, alikaza kwamba chumo la wanadamu, kwa sehemu iliyo kubwa, ni thamani ya kazi zao. Karavani mbovu haina matumizi ya kwanza, maana hailaliki. Na matumizi ya pili inayo kwa deni, maana anayeichukua huichukua kwa ajili ya kazi ambayo bado haijatiwa ndani yake. Katika kitu kizima kazi iko nyuma, imekwisha kutendwa na kulipwa. Katika kitu kibovu kazi iko mbele, na mwenye haki nayo, yaani fundi, hayupo pale uani watu wawili wanapobishana bei.

Lubumbashi ni mji unaofaa kulitafakari jambo hili, kwa maana mji huu, uliozaliwa mwaka 1910 reli ilipowasili kutoka kusini, umezoea kupokea vitu ambavyo ulimwengu mwingine umekwisha kuvichoka. Magari yaliyotumika Japani hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, yakapita Tunduma, yakakata nchi ya Zambia, na kuingia Kasumbalesa, ambako sharti yahame upande wa barabara, kwa kuwa Tanzania na Zambia huendesha kushoto na Kongo huendesha kulia, hali usukani wa mengi yao ungali mahali ulipowekwa na watu wa kiwandani. Kwa nini vitu hivi hufanya safari ndefu hivyo? Kwa sababu kuna nchi ambazo saa moja ya fundi huzidi bei ya kifaa anachokitengeneza, na huko kitu hufa mapema. Na kuna nchi ambazo saa ya fundi ni rahisi, na huko kitu hufufuka mara ya pili na ya tatu. Mali kuukuu husafiri kutoka mahali penye mkono ghali kwenda mahali penye mkono rahisi. Tunaposifu ustadi wa mafundi wa mitaa ya Kamalondo na Katuba, ambao huifanya springi ya lori itumike katika gari ambalo halikuzaliwa nayo, tunawasifu kwa haki. Lakini tukumbuke kwamba sehemu ya muujiza huo ni udogo wa ujira wao.

Basi kabla ya kutaja bei, mnunuzi sharti ajue ila za kitu. Adui wa karavani ni maji. Huingia katika maungio ya bati juu ya paa, yakashuka ndani ya kuta bila kuonekana, yakaozesha fremu ya mbao ambayo ndiyo inayobeba kila kitu. Na bati la nje likaendelea kung'aa hali mifupa ya ndani imekwisha kuwa unga. Kwa hiyo kidole kikibonyeza ukuta karibu na dirisha na ukuta ukabonyea, au sakafu ikinesa chini ya mguu penye pembe, habari imekwisha kutolewa, na rangi mpya haiwezi kuikanusha. Aidha hali ya hewa ya Katanga, eneo la mji huu, humsaidia muuzaji nusu ya mwaka na kumfichua nusu ya pili: toka Mei hata Septemba karibu hakuna mvua, vumbi jekundu hufunika madoa, na mbao iliyooza hukauka ikajidai kuwa ngumu; toka Novemba hata Machi mbingu hufunguka, na paa husema lenyewe. Mnunuzi mwenye busara huja kutazama mwezi wa Januari. Akishindwa kungoja, na aombe ndoo kadhaa za maji zimwagwe juu ya paa, naye aketi ndani.

Sheria nazo hazikunyamaza. Mafakihi wa Kiislamu walimpa mnunuzi hiari ya kukirudisha kitu chenye ila iliyofichika. Na Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, iliyotungwa zamani za Dola Huru ya Kongo, nayo humdai muuzaji kwa ila zisizoonekana, lakini haimdai kwa zile ambazo mnunuzi angaliweza kuziona mwenyewe. Mipaka hiyo ina maana kubwa kwa kitu kibovu, maana anayenunua karavani iliyooza hadharani hana wa kumlalamikia. Ubovu umeingia katika mapatano tangu mwanzo, na kilichobaki ni kuuhesabu.

Hesabu yenyewe sharti ianze mwisho na kurudi nyuma. Tuseme karavani hii, ikiisha kutengenezwa, ina thamani ya dola 4,000. Tuseme mbao, bati, matairi, beringi, nyaya na rangi ni dola 1,200, na ujira wa mafundi ni 600. Juu ya jumla hiyo ya 1,800 na tuongeze theluthi kwa yale ambayo ukuta bado haujayaonyesha, nayo ni 600, kisha 300 za kuikokota na za karatasi. Jumla ni 2,700, na kinachobaki ni 1,300. Hiyo ndiyo dari. Chini yake ipo sakafu, nayo ni kile ambacho mnunuzi wa chuma chakavu angalitoa kwa mhimili na bati, kwa maana si insafu kumtaka mwenye mali apokee pungufu ya kile ambacho mauti ya kitu yangalimpa. Baina ya sakafu na dari kuna uwanja wa maneno, wa kuketi, wa kunywa maji, na wa kusema, "Papa, punguzako kidogo."

Lakini muuzaji akishika 2,000, na mnunuzi akazikubali kwa sababu chumba kile cheupe kimekwisha kuuteka moyo wake, dola 700 zilizozidi zitatoka wapi? Hazitatoka katika mbao, maana muuza mbao hakopeshi ndoto. Hazitatoka katika kodi ya njiani. Zitatafutwa kwa fundi, kwanza kwa kumpunja, kisha kwa kumcheleweshea, kisha kwa kumwambia kuwa kazi yake haikupendeza; na hata akinyimwa ujira wake wote wa 600, pengo halitazibika. Hivyo tamaa ya mtu mmoja na kumbukumbu ya mtu wa pili huja kulipwa na mtu wa tatu, ambaye hakuwamo katika mapatano wala hakuona karavani ila siku ile alipoitwa kuikomboa. Hapo ndipo bei huacha kuwa suala la werevu ikawa suala la adili.

Pana ugumu mwingine. Thamani ya mwisho, ile 4,000, tumeipata wapi? Magari yana soko Lubumbashi, karavani hazina. Na kitu kisicho na soko thamani yake hukaa katika kusudi la anayekitaka. Atakayeiweka shambani iwe chumba cha mlinzi hana budi kuuliza chumba kingine kingegharimu nini. Na katika nchi hii, ambayo vichuguu vyake virefu vya mchwa hutoa udongo mzuri wa matofali ya kuchoma, chumba cha matofali ni mshindani mkali. Atakayeifanya duka la kuhamahama, lisimame leo mtaa wa Kenya na kesho mtaa wa Ruashi, anahitaji magurudumu, na tofali halina magurudumu. Kwa wa kwanza dari hushuka, kwa wa pili hupanda. Kitu ni kimoja, lakini thamani ni mbili, wala hapana uongo katika hata mojawapo.

Muuzaji anaweza kunijibu kwa kuunyoshea kidole ule mlima mweusi ulio kando ya mji. Tanuri la kampuni ya Union Minière lilianza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911, na mavi ya shaba yakamwagwa miaka na miaka, watu wakayahesabu kuwa uchafu, hata mwanzoni mwa karne hii likajengwa tanuri jingine la kuyayeyusha tena kwa ajili ya kobalti. Nayo yana jermani pia, madini ambayo viwanda vya vyombo vya elektroni huyatafuta. Kama taka imekuwa hazina, atasema, kwa nini karavani yangu isiwe? Hoja hii ina nguvu, lakini inamshuhudia fundi kuliko inavyomshuhudia muuzaji. Mlima haukuwa hazina kwa kungoja. Ulikuwa hazina kwa maarifa na moto.

Hoja hiyohiyo humgeukia mnunuzi mjuzi. Tomaso wa Akwino alihukumu kwamba muuzaji akitoa dhahabu akidhani ni shaba nyeupe, mnunuzi ajuaye ana wajibu wa kurudisha kilichozidi. Anayejua kuwa mbao ni nzima mahali ambapo mwenyewe anadhani zimeoza hana ruhusa ya kunyamaza ili apate kwa bei ya kuni. Wala bei ya bure si heri daima. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu wa nchi hii alitangaza kuwa maduka na mashamba ya wageni yatatwaliwa na raia, na mengi katika hayo, yakiwa mikononi mwa watu ambao hayakuwagharimu jasho, yaliuzwa shehena iliyokuwamo, kisha rafu zikabaki tupu. Bei iliyo ya haki humfunga mnunuzi na kitu chake mpaka akikamilishe.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakaposimama uani mbele ya kitu kuukuu kilichokupendeza, usimwulize mwenyewe kwanza anataka ngapi. Mwite fundi, mwonyeshe, umsikilize, ukubaliane naye ujira ambao utaweza kumlipa bila kumkwepa, uuandike. Kisha ndipo urudi kwa muuzaji na kile kilichobaki. Kikimtosha, nunua. Kisipomtosha, muage kwa heshima, kwa maana hakukosa kuipenda mali yake, nawe utakuwa hukukosa kuiacha.