Samaki Nchanga Siku ya Ijumaa



Kuna swali ambalo likianzishwa kwenye kikundi cha vijana huku Newala au Masasi, kicheko kinakuwa kikubwa kuliko jibu: samaki nchanga ni nyama au ni samaki? Kwa wasomaji wa mbali, samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani, ni jina la utani la panya wa porini. Sio yule wa darini anayetafuna sabuni, hapana. Huyu anachimbuliwa shambani au anategwa, anababuliwa manyoya, anabanikwa, na ugali wa muhogo unashuka wenyewe. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao wengi ni kitoweo cha heshima kabisa. Sasa ikifika Ijumaa ya Kwaresima, lazima atokee mjanja mmoja aulize: "Si tumeambiwa samaki ruksa?"

Mjanja huyo ana wenzake duniani. Kule Quebec, Kanada, karne ya 17, walowezi Wakatoliki waliruhusiwa kumla biva wakati wa mfungo kwa kuwa anaishi majini na ana mkia wenye magamba. Venezuela mpaka leo watu wanamla capybara wakati wa Kwaresima kwa hoja hiyo hiyo ya maji. Na ukiwauliza wataalamu wa wanyama watakuambia kwamba biva na capybara wote wawili ni wa jamii ya panya. Capybara ndiye mkubwa kuliko wote. Kwa hiyo wa kwetu si wa kwanza kupewa cheo cha samaki.

Lakini wale angalau waliogelea. Mtakatifu Thomas wa Akwino, karne ya 13, alieleza kwamba kinachoachwa katika mfungo ni nyama ya wanyama wanaokaa nchi kavu na kuvuta hewa, kwa sababu ndiyo inayompendeza na kumshibisha mtu zaidi. Panya wa shambani anaishi ndani ya nchi kavu kwenyewe! Ni nyama, jamani. Kesi imekwisha. (Na asije mtu na Walawi 11 kusema panya ni najisi, Marko 7 inatosha kumjibu.)

Kesi ya panya imekwisha, ila iliyo nyuma yake bado. Chukua watu wawili Ijumaa moja ya Machi. Mmoja yuko Mtwara mjini au Dar, ana mshahara, anaagiza kamba wa kukaanga na soda baridi. Ameacha nyama, sheria ameitimiza. Wa pili ni kijana wa miaka kumi na tano pembezoni mwa Newala, nyumbani wiki nzima ni ugali na kisamvu kisicho na nazi, na siku hiyo mtego wake umenasa panya wawili. Akiwabanika, amevunja mfungo. Moyoni unaona kuna kitu hakijakaa sawa, na mimi naona hivyo hivyo.

Ili uone ugumu wake ni lazima uijue kalenda ya chakula ya huku. Fedha ya mwaka inakuja na korosho. Mavuno na minada ni kuanzia mwezi wa kumi hivi, kwa hiyo Krismasi inamkuta mkulima ana kitu mfukoni. Pilau linapikwa, kuku wanachinjwa, wageni wanakuja, na uraka wa mabibo unakuwa umeshapita kwenye vikombe vya watu wengi. Hapo mvua zimeanza, watu wanalima na kupanda. Januari ada na sare zinakula kilichobaki. Februari na Machi mahindi shambani bado hayajawa tayari na ghala linasikika mwangwi. Ndipo watu wanarudia makopa ya muhogo, ndipo mlo wa mchana unarukwa bila mtu kuutangaza. Na ndipo inapoingia Jumatano ya Majivu. Yaani Kanisa linasema "funga" wakati ambapo nyumba kadhaa zimeshafungishwa.

Kufunga na kufungishwa ni vitu viwili. Kusini hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Wakati wa vita ya Maji Maji, iliyoanza 1905, ndiyo misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao zilipochomwa, na mwaka uliofuata wamonaki wakaanza upya Ndanda. Lakini jeshi la Wajerumani lilijibu kwa kuchoma mashamba na maghala kusini yote, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema watu wale walikuwa katika mfungo. Tumbo tupu peke yake halina utakatifu wowote. Mfungo unahitaji sahani ambayo ungeweza kuivuta, ukaisogeza.

Basi maskini hana mfungo? Hapa Kanisa limefikiri zaidi kuliko tunavyolidhania. Thomas huyo huyo alisema kwamba maskini anayeweza kupata mlo mmoja wa kutosha anabanwa na sheria ya kufunga, lakini anayeokoteza chakula kidogo kidogo, asiyepata hata mara moja kinachotosha, anaonekana hayumo. Papa Paulo VI, katika Paenitemini ya tarehe 17 Februari 1966, alitofautisha wazi nchi zenye neema na zenye dhiki: wenye nacho watoe ushuhuda wa kujinyima na wa upendo, wenye dhiki wamtolee Mungu mateso yao katika sala, huku wakitafuta haki ya kijamii kwa kila njia. Hicho kipande cha mwisho huwa tunakiruka. Hakusema wavumilie tu.

Kuhusu sheria yenyewe: Kanuni ya 1252 inambana aliyetimiza miaka 14 katika kuacha nyama, na kufunga ni kuanzia 18 hadi mwanzo wa mwaka wa sitini. Kwa hiyo kijana wetu wa miaka kumi na tano yumo, kwa umri. Kwa njaa, mimi ningemwambia aende kwa paroko aeleze hali ya nyumbani, na sidhani kama kuna paroko wa huku atakayemnyang'anya panya wake. Akiamua mwenyewe kumpa mdogo wake mmoja kati ya wale wawili, sijui nimfundishe nini zaidi kuhusu Kwaresima.

Shida yangu iko kwetu sisi wengine, vijana tuliokwisha kupata sahani ya kusogeza. Tunasogeza nyama, tunavuta kamba. Na kuna jambo zito kuliko kamba.

Miezi hii hii ya njaa ndiyo miezi ya kangomba. Asiyejua: ni kununua korosho nje ya utaratibu wa ushirika, kwa kipimo cha chombo badala ya mizani, na mara nyingi kabla korosho yenyewe haijaonekana mtini. Baba ana watoto watano na unga umekwisha. Kijana mwenye vijisenti anampa hela ya debe la mahindi, naye anaahidi korosho za mwezi wa kumi kwa bei ya kutupa. Novemba 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ulifanyika uhakiki kuwatenga wakulima na watu wa kangomba, na ugomvi uliozuka ulionyesha jinsi biashara hii ilivyozama majumbani mwetu. Wanaoifanya si majini. Ni sisi, wengine waimbaji wa kwaya, wengine wana majivu kwenye paji la uso.

Soma Amosi sura ya 8. Kuna wafanyabiashara pale wanaishika siku takatifu vizuri tu, hawafungui duka, ila wanahesabu saa iishe warudi kwenye kipimo chao kidogo na mizani yao ya hila, wapate kumnunua maskini. Isaya 58 nayo inawakuta watu wamefunga kweli, hawajala, na siku hiyo hiyo wanawakandamiza wafanyakazi wao. Nabii hakuwauliza kama walikula samaki.

Kwa hiyo Ijumaa hii, kama una hela ya debe, mkopeshe jirani debe, akurudishie debe mahindi yakikauka. Mkorosho wake muachie.