Mashine Haitaulizwa Siku ya Kiyama

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baada ya hayo, ndugu zangu katika imani, nauanza usia huu kwa nafsi yangu kabla yenu, kwa sababu kosa nitakalolieleza nililitenda mimi.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani. Binamu yangu, ambaye namwita kaka kwa kuwa amenizidi umri, ni karani wa kumbukumbu katika kituo kimoja cha afya cha serikali hapa Uganda. Kila mwezi unapokwisha, hesabu ya wagonjwa inatakiwa ifike wilayani katika siku za mwanzo za mwezi unaofuata. Huko inaingizwa katika mfumo wa DHIS2, na Wizara ya Afya kule Kampala inaiona. Kwa hesabu hizo inajulikana dawa za malaria ziende wapi na ni wapi kipindupindu kimeanza.

Siku ile kaka alikuwa amechelewa. Rejista ya wagonjwa wa nje ilikuwa imejaa: jina, kijiji, umri, kipimo, ugonjwa, dawa. Nikamwambia, "Kaka, mbona unajitesa? Nipe dakika tano." Nikapiga picha kurasa zote kwa simu yangu, nikazipakia kwenye programu ya bure ya akili mnemba, nikaiagiza ihesabu wagonjwa wa malaria walio chini ya miaka mitano na waliozidi. Kabla hata chai haijapoa, jedwali safi likaja. Nilijiona msomi.

Kaka hakuridhika. Akachukua ukurasa mmoja akauhesabu kwa kidole. Idadi haikulingana. Tulipochunguza tukaona kwamba baadhi ya watu ambao kipimo chao kilionyesha hawana malaria, mashine imewaweka kwenye hesabu ya wenye malaria. Jedwali lilikuwa zuri, na lilikuwa na makosa. Tukaanza upya kwa kalamu na karatasi mpaka usiku.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa nililigundua baada ya Isha, nikiwa bado nimekaa kwenye mkeka wa msikiti. Ndugu mmoja ambaye mara nyingi bega lake hugusana na langu katika safu alinipa mkono, akaniuliza habari za masomo. Jina lake lilikuwa kwenye ile rejista. Ugonjwa wake sitautaja, hata kwa fumbo. Alikuwa amemweleza mganga peke yake, chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Mimi sikumsengenya, wala sikumwambia mtu. Lakini jina lake, kijiji chake na ugonjwa wake nilikuwa nimezipeleka kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi, kwa watu asiowajua, bila ya yeye kuulizwa. Nikafuta mazungumzo yale kwenye simu. Kufuta kwenye simu yangu hakurudishi kilichokwishafika kwingine.

Niliporudi chuoni nilimwendea ustadh wetu wa fiqhi, nikamweleza. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Nani alikupa idhini?"

Nikasema, "Kaka yangu, Ustadh. Rejista iko mikononi mwake."

Akasema, "Kuwa mikononi mwake hakumfanyi kuwa mwenyewe. Mmesoma mlango wa wadia. Hukumu yake ni ipi?"

Nilinyamaza, kwa sababu hukumu niliijua. Tumefundishwa kwamba mtu aliyewekewa amana hadaiwi kitu kama amana imeharibika bila uzembe wake. Lakini akiikabidhi kwa mtu mwingine pasi na idhini ya mwenyewe wala dharura, hapo anakuwa dhamini, na lolote litakalotokea liko shingoni mwake. Mlango huo nimeufanyia mtihani nikapata alama nzuri. Sikuwahi kufikiri kwamba unazungumzia rejista ya kituo cha afya.

Ndugu zangu, katika Suratun-Nisaa aya ya 58 Allah (S.W.) ametuamuru turudishe amana kwa wanaostahiki. Tukisikia neno amana, fikra zetu zinakwenda kwenye fedha. Basi tujiulize: mgonjwa akimfunulia daktari aibu ya mwili wake, amempa nini kama si amana? Na serikali ikikusanya habari hizo za mamilioni ya watu mahali pamoja, amana imekuwa kubwa zaidi, haikupungua uzito kwa sababu imegeuzwa tarakimu.

Swahaba Hudhayfa bin al-Yaman (R.A.) aliaminiwa na Mtume (S.A.W.) majina ya wanafiki. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.), naye ni Amirul-Muuminina mwenye dola mkononi, alikuwa akitazama kama Hudhayfa anahudhuria mazishi ya mtu ndipo naye ahudhurie. Alimuuliza habari ya nafsi yake, kwa hofu ya Allah. Hakumlazimisha atoe orodha, ingawa mtu angeweza kusema kwamba orodha ile ingefaa kwa usalama wa dola. Tazameni adabu ya mwenye mamlaka mbele ya siri isiyokuwa yake.

Na wenye mamlaka wa zama zetu wamekwisha kujifunza somo hili kwa gharama. Uingereza mwaka 2013 ilitangaza mpango ulioitwa care.data, wa kukusanya kumbukumbu za wagonjwa kutoka kwa madaktari wa mitaani na kuziweka katika kituo cha serikali cha taarifa za afya. Vipeperushi vilisambazwa majumbani, na wengi walilalamika kwamba hawakuviona au hawakuvielewa. Zaidi ya watu milioni 1 walikataa kumbukumbu zao zitumike hivyo, na mwaka 2016 mpango ukafungwa. Mwaka 2017 msimamizi wa sheria za data wa nchi hiyo akaamua kwamba hospitali ya umma ya Royal Free, London, ilikiuka sheria ilipoipa kampuni ya akili mnemba ya DeepMind, iliyo chini ya Google, kumbukumbu za wagonjwa wapatao milioni 1.6. Nia ilikuwa njema: kujaribu programu ya kuwatahadharisha madaktari juu ya figo zinazoharibika. Mimi pia nia yangu ilikuwa njema, kumsaidia kaka. Hadithi ya nia tunaipenda sana, lakini haijapata kuwa ruhusa ya kutoa haki ya mtu mwingine.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sisemi akili mnemba ni haramu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kusoma picha za eksirei za kifua za watu wenye miaka 15 na zaidi, ili kutafuta dalili za kifua kikuu. Mahali ambapo daktari wa kusoma picha hizo hapatikani, jambo hili linaokoa nafsi, na kila mmoja wetu anajua Qur'ani imesema nini juu ya thawabu ya kuokoa nafsi moja. Mwenye kukataa chombo hiki kwa ujumla wake atakuja kuulizwa juu ya mgonjwa aliyekufa kwa kukosa kugunduliwa mapema. Suala ni namna kinavyoshikwa, na nani anakishika.

Kuna jambo la mizani. Katika Suratur-Rahmaan aya ya 9 tumeamrishwa kupima kwa uadilifu na tusipunje. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi juu ya programu iliyokuwa ikitumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu haikupima ugonjwa, ilipima gharama za matibabu. Wagonjwa weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo zaidi, basi mashine ikawaona wana afya kuliko walivyokuwa. Kama kasoro ile ingerekebishwa, sehemu ya weusi miongoni mwa waliopewa msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hakuna aliyeiamrisha mashine ibague. Ilipewa kipimo kibovu, ikakitii.

Sasa lileteni hilo nyumbani. Mama wa kijijini asiye na nauli ya boda haendi kituoni, anachemsha majani. Jina lake halimo katika rejista. Mashine itakayofundishwa kwa rejista zetu peke yake itasema kijiji chake kina afya, na dawa zitapelekwa kwingine. Mama huyo atakuwa amedhulumiwa mara mbili, na safari ya pili atadhulumiwa kwa jedwali safi kama lile nililolishangilia mimi.

Nalo jambo zito kuliko yote ni dhima. Katika Suratul-Ahzaab aya ya 72 tunaelezwa kwamba amana ilionyeshwa kwa mbingu, ardhi na milima, vikaogopa kuibeba, akaibeba mwanadamu. Mashine haimo katika habari hiyo. Haina akili ya kisheria, haijabaleghe, haina nia, haitafufuliwa. Kwa hiyo afisa anaposema "kompyuta ndiyo imeamua," amesema maneno yasiyokuwa na maana mbele ya Allah. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba anayetibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, yeye ni dhamini wa madhara atakayoleta. Basi anayeiweka mashine itibu, ichague au igawe, bila ya kujua inavyofanya kazi, atakimbilia wapi?

Hata sheria ya nchi inaliona hili. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 imeihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data ya pekee yenye kinga zaidi, na imempa raia haki juu ya maamuzi yanayomgusa yanayofanywa na mitambo peke yake. Ikiwa sheria ya wanadamu imefika hapo, sisi wenye hofu ya Siku ya Hisabu tusibaki nyuma yake.

Ndugu zangu, miongoni mwenu wapo wanaosoma udaktari, takwimu, kompyuta na utawala. Kesho ninyi ndio mtakaokaa wizarani na wilayani. Nawausia haya. Habari ya mgonjwa isiingie katika programu yoyote ambayo ofisi haijaiidhinisha na haijui data inakwenda wapi. Msidhani kufuta jina kunatosha: katika kijiji kidogo, umri na ugonjwa vinatosha kumtambulisha mtu. Jibu la mashine lithibitishwe kwa sampuli inayohesabiwa na mtu, kama Suratul-Hujuraat aya ya 6 inavyotufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Kila uamuzi uwe na jina la mtu aliyeutia saini. Mkubwa wa kazi akiwaambia "pakieni tu, tumechelewa," mwambieni kwa adabu kwamba kuchelewa kuna msamaha wake, na haki ya mja ina mwenyewe.

Nililazimika kumalizia toba yangu. Kaka alikwenda kwa mkuu wa kituo akaeleza yaliyotokea, akapewa onyo la maandishi kwa kosa ambalo mimi ndiye niliyemshawishi. Kwa muda alipokea simu zangu kwa mkato. Nilimwomba msamaha, akanisamehe, Allah amlipe. Kuhusu yule ndugu wa msikitini, nilimuuliza Ustadh kama niende nikamwambie. Akanijibu, "Ukimwendea na unachokijua, utamfunua mara ya pili. Wanaohusika wamekwisha kuambiwa. Wewe muombee, na ufunge mdomo wako mpaka kaburini."

Namuombea. Nikirudi nyumbani bado tunasimama safu moja, naye bado ananiuliza habari za masomo. Siku ya Kiyama tutasimama tena, na siku hiyo ataijua habari yote. Simu yangu haitakuwepo kunisaidia kujibu.

Ewe Mola wetu, utusitiri aibu zetu kama tunavyotakiwa kuwasitiri waja wako. Utujaalie tuwe wenye kutunza amana, katika karatasi na katika mashine. Waponye wagonjwa wetu, na uwaongoze waliokabidhiwa habari zao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.