Subira Ina Wakati Wake

"Amri ya Mungu." Ndilo neno linalosemwa kwanza kijijini kwetu, wilayani Pangani, kila bahari inapong'oa mnazi mwingine. Mimi ni mwalimu wa madrasa. Neno hilo siwezi kulikana. Ninalokataa ni kulitanguliza. Subira ni ya aliyekwisha kufikwa. Kabla hujafikwa, unaulizwa ulitenda nini: Mtume alimwagiza mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu.

Sura ya Ar-Rum, aya ya 41, inaeleza kwamba uharibifu wa bara na bahari umeletwa na mikono ya watu. Watu gani? Khatibu akituambia maji yanapanda kwa dhambi zetu, mimi humfikiria bibi anayepikia makumbi, asiyemiliki hata baiskeli. Kati ya 1901 na 2018 bahari duniani ilipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi. Barafu ya nchi kavu inayeyuka, na maji yenyewe yakipata joto hutanuka, kama sufuria iliyojazwa pomoni inavyomwagika kabla haijachemka. Moshi ulioleta joto hilo umetoka zaidi kwenye viwanda na magari ya nchi za mbali. Kumtwika bibi yule mzigo huo ni dhuluma, hata ikisemwa juu ya mimbari.

Lakini si yote yaliyotoka mbali. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje na vichaka. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na bahari nayo inapanda. Leo ni fungu tupu. Bamvua likijaa, fungu hilo linazama. Kasa bado wanakwenda kutaga pale, na watu huhamishia mayai ufukweni Ushongo yasiharibiwe na maji. Na mchanga wa ufukweni tunaousomba kwa mikokoteni kujengea nyumba, na hata misikiti, hausombwi na mgeni.

Siku hizi naulizwa kuhusu makaburi. Upande wa baharini umemegeka, jiwe la kichwani la kaburi moja limelala ufukweni, na mwani umeling'ang'ania. Je, tuwahamishe maiti wetu? Wanazuoni wa Kishafii wameruhusu kufukua kaburi linapoingiwa na maji. Huwajibu hivyo, kisha nami huwauliza: ikiwa sheria imemsitiri maiti asichukuliwe na maji, itaridhikaje mtoto ajengewe chumba palepale?

Basi nyumba mpya zisogee bara. Mchanga uachwe. Mikoko ipandwe penye tope, maana kwenye ufukwe wa wazi haishiki. Huko tusing'oe majani yanayotambaa mchangani. Haya tumezoea kuyasikia kwenye semina za miradi, tukapiga makofi, tukatawanyika. Kwangu ni amana kwa wasiozaliwa bado. Mradi ukifunga virago, wajibu unabaki.