KUUZA NYUMBA YA MAREHEMU: NI HAKI YA NANI?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mrithi wa ardhi na vyote vilivyo juu yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, mwenye kutoka Ngomeni akaishika Ndia Kuu kuingia Mji wa Kale wa Mombasa, atapita nyumba ambazo jana baraza zake zilikuwa zimejaa wazee, na leo milango yake ina kufuli. Nyingine zimekuwa maduka, nyingine ghala, na nyingine zimo mikononi mwa watu ambao majirani hawayajui hata majina yao. Nyumba hizo hazikuporwa usiku. Ziliuzwa mchana, kwa hati na kwa mashahidi, na waliouza ni sisi.

Wapo wasemao kwamba kuuza nyumba ya Mji wa Kale ni haramu, na khasa kumwuzia mgeni. Maneno haya hayana asili katika sharia. Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara, na mtu ana amri juu ya mali yake. Mji wa Kale ulitangazwa mwaka 1990 kuwa eneo la kuhifadhiwa, na mji wa Lamu ukatiwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini hifadhi hizo hulinda kuta na milango na sura ya mtaa, wala hazilindi haki ya mjane na yatima waliomo ndani. Haki hiyo imewekwa juu ya shingo zetu. Basi swali letu leo si kama nyumba yauzwa au haiuzwi. Swali ni: anayeuza, anauza mali ya nani?

Ndugu mmoja alitujia baada ya darasa ya Magharibi akatueleza habari yake. Baba yao amefariki, ameacha mke, watoto wanaume wawili na watoto wanawake watatu. Ameacha nyumba ya ghorofa karibu na bahari, na humo anakaa mama yao pamoja na binti mmoja asiyekuwa na mume. Amepatikana mnunuzi wa shilingi milioni 8. Ndugu wawili wamekwisha kukubaliana naye. Tulipomwuliza, "Na mama yenu? Na dada zenu?", alijibu, "Hao ni wanawake, sheikh. Tukisha kuuza tutawapa chochote cha kuwaridhisha."

Tafadhali, ewe msomaji, lizingatie neno hilo: chochote.

Mwenyezi Mungu hakusema chochote. Katika Suratun-Nisaa ameligawa fungu la kila mrithi kwa hesabu, na akabainisha kuwa mgawanyo huo ni faradhi itokayo kwake. Kwanza hulipwa deni la marehemu. Na mahari yaliyobaki bila ya kulipwa ni deni la mke, hutolewa kabla ya urithi wala si hisani ya watoto wake. Kisha hutekelezwa wasia, usiozidi thuluthi. Kinachobaki ndicho cha warithi. Mke, akiwa marehemu ameacha watoto, hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Zilizobaki ni za watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja.

Na tuihesabu nyumba hii, tukikadiria kuwa haina deni wala wasia. Mama ana sehemu 1 katika 8. Zimebaki 7. Kila mwanamume apate 2, hizo ni 4. Na kila binti apate 1, hizo ni 3. Katika shilingi milioni 8, mama ana milioni 1, kila binti ana milioni 1, na kila mwanamume ana milioni 2. Sasa jumlisha sehemu ya mama na ya mabinti watatu: ni 4 katika 8. Nusu kamili ya nyumba ni ya hao wanawake ambao hawakuulizwa! Ndugu hawa wawili walikuwa wakiuza nyumba ambayo nusu yake si yao, kisha wakijiona wakarimu kwa kuwapa wenyewe kipande cha mali yao.

Mtu hana ruhusa kuuza kisichokuwa chake ila kwa idhini ya mwenyewe. Na idhini si sahihi peke yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mali ya Mwislamu si halali ila kwa kuridhika nafsi yake. Sote twaijua ada yetu ya pwani: dada akidai fungu lake huitwa mroho, na huambiwa kuwa anataka kuvunja udugu. Basi huwekewa karatasi mbele yake usiku, nao kaka zake wamemzunguka, akatia sahihi kwa haya huku machozi yakimtoka. Je, hiyo ni ridhaa? Mwenye kula mali iliyotolewa kwa haya na ajue kuwa ameila kwa dhulma, hata kama hati yake imepigwa mihuri yote ya serikali.

Na lau miongoni mwa warithi yumo mtoto mdogo, jambo ni zito zaidi. Walii wake hana ruhusa kumwuzia nyumba ila kwa haja ya mtoto huyo au kwa faida iliyo dhahiri kwake. Na Qur'ani imewafananisha wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma na watu wanaotia moto matumboni mwao.

Lakini insafu ina pande mbili. Mama na mabinti nao hawana haki ya kuifunga mali ya ndugu zao milele. Kijana mwenye deni, au mwenye watoto wa kusomesha, hakukosea alipolitaka fungu lake. Uislamu umekataza kudhuru na kudhuriana. Basi na wakae pamoja. Ikiwa wanawake wataweza kuyanunua mafungu ya ndugu zao, hata kwa kulipa kidogo kidogo, na wapewe nafasi kwanza. Ikiwa nyumba yafaa kugawanywa, juu na chini, na igawanywe. Ikiwa chini pafaa kukodishwa, kodi na igawanywe kwa mafungu yale yale. Na ikiwa hapana budi kuuza, na iuzwe kwa shauri la wote, na mama ajue kabla ya siku ya kutoka ni wapi atakapolala.

Sharia yenyewe imefungua mlango katika jambo hili, nao ni shuf'a. Mshirika katika mali isiyogawanywa akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika mwenziwe ana haki ya kulichukua fungu hilo kwa thamani ile ile, kwa masharti yaliyoelezwa katika vitabu vya fiqhi. Na moja katika hayo ni kuwa adai upesi apatapo habari. Katika madhhebu yetu ya Imam Shafii haki hii ni ya mshirika peke yake. Mahanafi wameifikisha hata kwa jirani. Lakini adabu ya kumkumbuka jirani ni ya sote. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Abu Rafi', aliyekuwa huria wa Mtume, alikuwa na vyumba viwili katika nyumba ya Saad bin Abi Waqqas. Alikwisha kupewa bei ya dinari 500, naye akamwuzia Saad kwa dirham 4,000, za kulipwa kwa mafungu, kwa sababu alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake. Aliacha faida mkononi kwa ajili ya ujirani. Sisi jirani yetu husikia habari ya nyumba siku aonapo wachukuzi wakitoa makabati!

Tena, ewe mwenye kuuza, sema kweli. Ikiwa boriti zimeliwa na mchwa chini ya chokaa mpya, mwonyeshe mnunuzi. Ikiwa ukuta ni wa shirika na jirani, mwambie. Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa wauzianao wakisema kweli na kuonyesha aibu za kitu hubarikiwa, na wakificha baraka hufutwa. Usimtume dalali alete mnunuzi wa uwongo apandishe bei. Usiandike katika hati bei isiyokuwa ya kweli. Huo ni ushahidi wa uwongo, na mara nyingi huidhulumu haki ya mrithi asiyekuwapo. Na kabla ya yote, tazama hati za kale: ikiwa nyumba ni wakfu, haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, kama ilivyokuwa ardhi ya Umar ya Khaibar.

Na ukisha kuuza, fedha utazifanyani? Imepokewa katika Sunan ya Ibn Majah kwamba mwenye kuuza nyumba asiitie thamani yake katika mfano wake, hatabarikiwa katika fedha hizo. Tumeyaona haya kwa macho yetu. Nyumba iliyojengwa kwa miaka imeliwa katika arusi ya siku saba, na kilichobaki kikanunua gari. Gari limekwisha, na mwenyewe sasa anahama kutoka chumba cha kupanga hadi chumba cha kupanga.

Tulipomweleza ndugu yetu hayo, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sheikh, arubuni tumekwisha kuipokea, na yangu nimekwisha kuila." Tulimwambia: deni la arubuni ni jepesi kuliko deni la machozi ya mama. Rudi kwa mnunuzi umweleze kweli, nawe umlipe ulichokula, hata kwa kukopa. Kisha nenda kwa mama yako, ukae chini, uanze upya. Mkishindwa kuafikiana, mahakama ya Kadhi ipo, na Katiba ya mwaka 2010 imeithibitisha katika mambo ya urithi. Kwenda kwa Kadhi si kuvunja udugu. Kinachovunja udugu ni dhulma.

Alituaga akaenda. Hatujasikia mwisho wa jambo lake, nasi tunamwombea. Lakini mlango wa mama yake u wazi, na milango ya wengi katika nyinyi msomao haya ni kama huo. Tangulieni kuuliza kabla ya kuuza, na kuhesabu kabla ya kupokea.

Ewe Mola wetu, turuzuku halali na ututosheleze kwayo, utuepushe na kula haki za wenye haki, na uyarehemu makaburi ya wazee wetu waliotuachia vya kurithi. Amin.

Wabillahi tawfiq.