Hamu ya Kurudi

Mtu aliyekaa Hispania mwaka mzima, akazoea kutembea jioni katika vichochoro vya Granada na kuitazama theluji ya Sierra Nevada juu ya mapaa ya nyumba, akirejea Arusha hukuta kwamba macho yake yamejifunza desturi mpya. Asubuhi autazamapo Mlima Meru hauoni Meru peke yake. Nyuma yake huuona mlima mwingine. Huisimulia safari yake kwa marafiki mpaka wakachoka, na kila asimuliapo humalizia kwa neno lile lile, kwamba siku moja atarudi. Hapana amlaumuye. Hamu ya namna hii huhesabiwa kuwa sifa njema, kwake yeye aliyeichukua na kwa nchi iliyomtia hamu hiyo. Walakini liko swali ambalo aghalabu haliulizwi, labda kwa kuwa halionekani kuwa na adabu: aitamaniye nchi ya watu ana deni gani kwa watu wa nchi ile? Na je, hamu peke yake yaweza kumpa mtu haki ya kurudi?

Neno hamu lenyewe lina pande mbili. Ni tamaa ya kupata kitu; na katika matumizi ya wazee ni huzuni pia, mashaka yakaayo moyoni. Lugha haikukosea kuyatia mambo hayo mawili katika chombo kimoja, maana hukaribiana sana. Lakini yuko mtu mwenye hamu ya kitu alichokiona, akakiacha kwa hiari yake. Na yuko mwenye hamu ya kitu alichonyang'anywa. Wote wawili husema wanataka kurudi, na kwa kuwa maneno yao ni mamoja, hudhaniwa kwamba waomba jambo moja. Chini ya Mlima Meru, katikati ya karne iliyopita, walikuwako watu wa namna zote mbili, na wengine ambao maisha yao yaliwapitisha katika hali moja hata wakafika katika ya pili.

Tengeru iko mashariki ya mji wa Arusha, kando ya barabara iendayo Moshi, karibu na ziwa dogo la Duluti lililokaa katika shimo la volkano ya kale. Mwaka 1942 ilianza kupokea wageni ambao hawakuchagua kuja. Walikuwa Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto. Nchi yao ilivamiwa na Ujerumani na Urusi ya Kisovieti mwezi Septemba 1939, na tangu Februari 1940 watu wa mikoa ya mashariki walitolewa majumbani mwao, wakapakiwa katika mabehewa ya mizigo, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoigeukia Urusi mwaka 1941, wafungwa hao wakafunguliwa. Mwaka uliofuata maelfu yao wakavuka Bahari ya Kaspi hadi Uajemi, na kutoka huko baadhi yao wakaletwa kwa meli hadi Afrika ya Mashariki. Kambi zao zilikuwa nyingi, Masindi na Koja katika Uganda, Kondoa, Ifunda na Kidugala katika Tanganyika. Lakini ya Tengeru ilizipita zote kwa ukubwa, ikawa na watu wapatao 5,000.

Walikaa katika nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa majani. Walikuwa na shule, kanisa, hospitali, shamba, na haikuchukua muda mrefu wakawa na makaburi. Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; hawa walikaa karibu miaka kumi, na jembe walilishika. Katika miaka hiyo hamu yao ilikuwa moja tu, kurudi kwao. Lakini vita vilipokwisha, mipaka ilikuwa imesogezwa. Mji wa Lwów, ambao kwa wengi wao ndio uliokuwa mji mkubwa wa nyumbani, haukuhama pale ulipokuwa. Nchi ndiyo iliyohama chini yake, ukawa ndani ya Urusi ya Kisovieti, na leo ni wa Ukraine, waitwa Lviv. Wachache walirudi Polandi. Wengine wengi, kambi ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipelekwa Uingereza, Kanada na Australia, na wachache sana wakabaki papa hapa.

Ndipo likatokea jambo la ajabu. Watoto waliokulia Tengeru wakiililia Polandi, walipokuwa watu wazima katika miji ya baridi walianza kuililia Tengeru. Waliandika kumbukumbu zao. Wengine, wakiwa wazee, walisafiri kuja kuitazama tena, na baadhi walidiriki kupaita mahali hapo pepo ya utoto wao. Nani atawacheka? Mtoto aliyeona njaa na theluji ya Siberia, kisha akafunguliwa macho penye migomba na jua, hawezi kuambiwa kwamba alikosea kupapenda. Mahali alipoponea mtu hupashukuru hata kama hapakuwa pake.

Ila kumbukumbu ya mgeni ina desturi ya kuuchukua mlima na kumwacha mtu. Mlima ni mwepesi kubeba, hauna madai. Tazama jambo dogo kama maji. Maji ya sehemu nyingi za Meru yana madini ya floridi kwa wingi, ambayo hutia meno rangi ya kahawia na kudhuru mifupa. Msafiri aliyekunywa maji hayo miezi michache huyasahau. Mwenyeji hawezi kuyasahau, maana yamo kinywani mwake hata anapocheka. Na neno mwenyeji, kama lilivyo, ni mwenye mji. Amtajaye Meru bila mwenyeji wake ametaja mji usio na mwenyewe, na mji usio na mwenyewe ni rahisi sana kugawiwa watu.

Hayo si maneno matupu, kwa kuwa mlima huo huo uligawiwa hivyo. Upande wake wa kaskazini-mashariki, ambako mvua ni haba na ardhi ni ya malisho, pana mahali paitwapo Engare Nanyuki. Jina ni la Kimasai, na maana yake ni maji mekundu. Baada ya vita serikali ya Kiingereza iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Kutokana na ushauri wa tume hiyo ikaamuliwa kwamba Engare Nanyuki iwe ya walowezi wa Kizungu wafugao ng'ombe, na Wameru waliokuwamo wahamie Kingori. Wameru walikataa. Walikataa hata fidia, na maofisa waliliona jambo hilo kuwa ni ukaidi, kana kwamba kila kitu cha mtu kina bei yake na kazi ni kuitafuta tu. Mwezi Novemba 1951 askari wakaja. Watu wapatao 3,000 wakaondolewa, nyumba zikatiwa moto, mifugo ikaswagwa, na mingi ikafa. Ardhi ile ilikusudiwa walowezi 13.

Wakati huo kambi ya Tengeru ilikuwa katika siku zake za mwisho. Mtu azisomaye habari hizi mbili pamoja hushtuka kukuta amri ile ile iliyotungwa mbali, askari wale wale mlangoni, na mama yule yule akusanyaye vyombo kwa haraka asijue kipi kitamfaa. Tofauti ziko, na haifai kuzifuta: Kingori haikuwa Siberia, na waliotolewa Polandi walihesabiwa kwa malaki. Lakini kosa halipimwi kwa baridi ya mahali mtu alikopelekwa. Yawezekana kabisa kwamba katika mlima mmoja, mwaka mmoja, mtu aliyefukuzwa kwake alikuwa akifunga mizigo kwenda kupewa nchi mpya, na mwenyeji wake alikuwa akifukuzwa kutoka katika nchi ya zamani. Nao wasiwe na lugha ya kuambiana kwamba kisa chao ni kimoja.

Wameru walifanya safari yao pia. Kwa chama chao cha raia, na kwa fedha walizochangishana, walimtuma Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, kupeleka malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York mwaka 1952. Maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na Mwingereza aliitawala kwa ahadi aliyoiwekea sahihi. Hapana shaka Kirilo aliona mengi njiani ya kuwasimulia jamaa. Lakini alikwenda mbali kiasi kile ili wengine warudi karibu. Azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipita katika kamati, kisha katika Mkutano Mkuu likakosa theluthi mbili za kura. Habari za kesi hiyo yeye na Seaton waliziandika katika kitabu kilichochapwa Nairobi mwaka 1967. Mashamba ya walowezi hayakustawi kama ilivyotumainiwa, na baada ya muda ardhi ikarudi mikononi mwa Wameru.

Sasa swali laweza kujibiwa nusu. Kirilo hakwenda New York kuonyesha hamu. Hamu ilikuwa sababu ya safari, haikuwa hoja ya kesi. Hoja ilikuwa kwamba watu waliondolewa mahali walipokaa na kujenga, bila ya ridhaa yao, na mtu aliyeahidi kuwalinda. Haki ya kurudi huzaliwa na dhuluma, na hamu ni alama tu ya kuonyesha jeraha liko wapi. Ingekuwa hamu yatosha, msafiri wa Granada naye angeweza kudai nyumba.

Yuko atakayejibu kwamba mambo ya dunia hayaendi kwa kanuni safi namna hii, na Hispania yenyewe ni shahidi wake. Mwaka 1492 Mayahudi walifukuzwa huko. Na kati ya mwaka 1609 na 1614 wakafukuzwa wazawa wa Waislamu waliokuwa wamebatizwa, waitwao Wamorisko. Vizazi vya Mayahudi hao vilihifadhi Kihispania cha kale nyumbani kwa karne nyingi, katika Salonika, Istanbul na kwingineko. Mwaka 2015 Hispania ilitunga sheria ya kuwapa uraia wazawa wao. Wazawa wa Wamorisko hawakupewa sheria kama hiyo. Walioumizwa walikuwa wawili, na aliyesikiwa ni mmoja. Ni kweli, lakini ushahidi huo hauipindui kanuni. Waonyesha tu kwamba dhuluma yaweza kuwako pasipo msikilizaji, kama ilivyokuwako siku ile kura zilipopungua New York.

Bado deni la mgeni, yule ambaye hakunyang'anywa kitu na anatamani tu. Hamu yake si dhambi, wala hailazimu aitubie. Lakini katika ardhi ya Tengeru, jirani na chuo cha mifugo kilichorithi viwanja vya kambi, yako makaburi ya Kipolandi yapatayo 150, nayo yamefagiwa. Mkono wa mwenyeji ndio uyafagiao. Mwenyeji amekubali kuwakumbuka wafu wasio wake, ambao hata majina yao humshinda kuyatamka. Basi si jambo kubwa kumtaka mgeni naye akumbuke jina la mtu mmoja aliye hai. Yule wa Granada na ajiulize. Aikumbukapo Hispania huikumbuka Alhambra, na chemchemi zake, na harufu ya michungwa. Je, huzikumbuka nyumba za plastiki za Almería, mwendo wa saa chache kutoka hapo, ambamo vibarua kutoka Morocco na Afrika ya Magharibi huchuma nyanya zilizwazo Ulaya nzima? Labda alizila kila siku. Akirudi huko, kama Mungu akimjalia, ana mahali pa kuanzia.

Na atokaye makaburini Tengeru, akishika barabara ya Moshi, baada ya mwendo mfupi hufika Usa River, ambako njia moja hukata kushoto, ikapanda Ngurdoto, ikapita Momella penye maziwa. Wageni wengi huishia hapo, maana ndipo walipo twiga. Njia yenyewe haiishii hapo. Huteremka upande wa pili wa mlima hadi Ngarenanyuki, ambako Wameru hulima nyanya na vitunguu kwa maji ya mifereji.