Chupa ya Fanta na Mawe ya Yordani

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Masomo: Yoshua 4:1-7, Matendo 9:36-42

 

Mnajua Jumapili iliyopita sikuwa hapa. Nilikuwa nyumbani, upande wa Vihiga, tukimzika mzee wetu. Asanteni kwa maombi na kwa mchango. Wale mliopanda basi usiku, mkazika nasi, na Jumatatu asubuhi mkawa kazini, Mungu awakumbuke. Leo sikuja na ujumbe wa vitabu. Nimekuja na kile Bwana alinionyesha usiku wa matanga, tukiwa tumekaa kando ya moto.

Baba alikuwa tarishi. Ofisi yao ilikuwa hapa mjini, Moi Avenue, na sisi tulikaa Kawangware, chumba kimoja cha mabati kwa ploti, watoto wanne. Nauli ya 46 ilikuwa ya mwanzo wa mwezi. Ikifika tarehe kumi hivi, mzee alitembea. Asubuhi anapita Lavington, anateremka Valley Road, anaingia mjini viatu vimejaa vumbi. Jioni anarudi njia ile ile, na sasa ni mlima. Alifanya hivyo miaka mingi, na hakuna siku alitutajia miguu yake.

Usiku ule wa matanga dada yangu mkubwa alisema, kila mtu aseme jambo moja analokumbuka kuhusu baba. Mimi ni pasta, nikajitayarisha kusema juu ya bidii yake. Karo alilipa. Kodi alilipa. Lakini dada akaanza na Jumamosi. Ndugu yangu akasema Jumamosi. Kitinda mimba akasema, "Mimi nakumbuka chupa." Tukacheka mpaka tukalia.

Nieleze. Baba alikuwa na gitaa kavu. Jumamosi jioni alikuwa anakaa mlangoni, anapiga kwa ule mtindo wa omutibo ambao mpiga gitaa George Mukabi aliufanya ujulikane. Mtindo huo una siri: mtu mmoja anapiga gitaa, na mwingine anashika mapigo kwa chupa ya Fanta na kipande cha chuma. Si chupa yoyote. Ile ya Fanta ina mistari, ukiikwaruza inatoa sauti yake. Sisi watoto tuligombania hiyo chupa kuliko nyama. Majirani walitoka na vigoda vyao. Mama alipepeta mchele huku anatikisa kichwa. Kwa saa moja ile, baba hakuwa tarishi wa mtu.

Nilipofika darasa la tano, baba akaokoka. Haleluya! Na alihitaji kuokoka, nisifiche. Gitaa lile lile Ijumaa lilimpeleka kwa vilabu, na kuna miezi mshahara ulifika nyumbani umekatika nusu. Mama alijua. Kwa hivyo mzee mmoja wa kanisa la wakati huo alipomwambia, "Ndugu, hiyo kitu ni ya shetani, itoe kwako," baba hakubishana. Alilifunga gitaa kwa shuka kuukuu, akaliweka uvunguni mwa kitanda. Simlaumu yule mzee. Aliona moto, akamwaga maji. Lakini tangu siku hiyo baba alikuwa mtu wa kwenda kazini na kurudi. Jumamosi jioni alilala.

Juzi tukipanga vitu vyake tukalikuta. Shuka ile ile. Nyuzi zimeshika kutu, lakini mbao ni nzima. Zaidi ya miaka thelathini alilala juu yake. Hakuliuza hata tulipokosa karo. Nikajiuliza: kwa nini mtu anaficha kitu cha shetani kwa upole hivyo?

Sasa fungua Yoshua sura ya nne.

Kwanza: watoto wanauliza juu ya mawe.

Israeli wamevuka Yordani. Mungu anamwambia Yoshua achague watu kumi na wawili, kila kabila mtu mmoja, wachukue mawe katikati ya mto, pale makuhani waliposimama, wayabebe mpaka watakapolala usiku ule. Kwa nini? Kwa sababu siku moja mtoto atauliza, mawe haya ni ya nini? Na mzazi atakuwa na kitu cha kusema.

Ona hekima ya Mungu. Mtoto hataulizia muujiza ambao hakuuona. Anaulizia jiwe, kwa sababu anaweza kulishika. Kumbukumbu ya nyumba inahitaji kitu cha kushika. Kwetu ilikuwa chupa. Kwako pengine ni picha ile mliyopigwa Uhuru Park, karibu na mashua, Krismasi moja nguo zikiwa mpya, mpiga picha akawaambia msikonyeze macho. Ni kitu kidogo, lakini mtoto wako akiishika anauliza, na ukimjibu unamweleza Mungu alivyowavusha.

Ndugu yangu, karo ni lazima. Ulipe. Lakini usidanganyike kwamba risiti ya karo ni jiwe la Yordani. Hakuna mtoto anaketi kwenye matanga akikumbuka risiti.

Pili: kipawa hakifichwi uvunguni.

Wakati mwingine sisi walokole tunafikiri Roho Mtakatifu anajaza wahubiri tu. Soma Kutoka 31 mwanzo. Mungu mwenyewe anasema amemjaza mtu Roho wake, na mtu huyo si kuhani wala nabii. Ni Bezaleli, fundi. Amejazwa Roho ili achonge mbao, akate vito, afue dhahabu. Mwambie jirani yako: hata mikono inajazwa Roho. Amina?

Daudi naye. Kazi yake aliyopewa na babake ilikuwa kondoo. Kinubi kilikuwa chake mwenyewe, cha huko malishoni. Lakini kilichomfikisha kwa nyumba ya Sauli mara ya kwanza, kabla ya Goliathi, ni kile kinubi. Ni 1 Samweli 16, kasome nyumbani.

Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo wengi hawajui. Wimbo wetu wa taifa, huu tunaousimamia, mnajua sauti yake ilitoka wapi? Kuelekea uhuru mwaka 1963 waliteuliwa wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Kalume alikuwa mchungaji. Na sauti waliyoitengeneza waliitoa katika wimbo wa Wapokomo wa mto Tana, ule mama anaoimba kubembeleza mtoto alale. Fikiria mama yule. Amelima, amechota maji, amepika, amechoka, na bado anaimba. Hakuna aliyemlipa. Leo marais wanasimama wima kwa kile alichomwimbia mtoto usingizini. Mungu hapotezi kitu kilichofanywa kwa upendo nyumbani.

Ndiyo maana nasema baba yangu hakuhitaji kulizika gitaa. Alihitaji kuacha vilabu na kulileta madhabahuni. Yule mtumwa wa Mathayo 25 aliyechimbia talanta ardhini hakuwa mwizi. Alikuwa mwoga. Sisi kama kanisa tuombe msamaha pale tulipowaambia watu wazike kitu ambacho Bwana alitaka kukiosha.

Nasema pia upande wa pili, msije mkatoka hapa na nusu ya ujumbe. Kipawa kinaweza kuwa mungu. Kama mpira wa wikendi unamwacha mama watoto peke yake kila wiki, huo si mpira tena, ni ndoa ya pili. Kipimo ni rahisi: je, watu wa nyumbani mwako wanapata chupa ya kugonga, ama wanasikia tu gitaa likienda mbali?

Tatu: Farao hana siku ya mapumziko.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Pasta, hayo ni ya watu wa Lavington. Mimi natoka Kangemi saa kumi na moja alfajiri na narudi watoto wamelala." Nakusikia, mama. Sikulaumu. Lakini soma Kutoka 5. Watu waliomba ruhusa waende kumwabudu Mungu, na Farao akawaita wavivu. Akawanyima nyasi, hesabu ya matofali ikabaki ile ile. Hiyo ndiyo sauti ya Farao mpaka leo: ukipumzika kidogo, wewe ni mvivu. Mungu alipowatoa Misri, aliwapa siku ya kupumzika, na katika Kumbukumbu la Torati 5 anawaambia kwa nini: mlikuwa watumwa. Na siku hiyo ni ya mtumishi na mjakazi pia.

Kwa hivyo hapa nageukia wale mlioajiri. Yule dada anayekulelea watoto, bawabu wa lango lako, kijana wa duka lako pale Kirinyaga Road. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hiyo ni sheria ya Kenya tu, hata hatujafika kwa Mungu. Usije hapa kuinua mikono hali mtu amefungiwa jikoni kwako. Yeye pia ana kipawa. Pengine anashona. Pengine ana mtoto ushago anayengoja jiwe la kushika.

Mtazame Dorkasi, Matendo 9. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea alipokuwa nao. Hawakuwa na hotuba. Walileta nguo. Hayo ndiyo maisha yake, yamekunjwa mikononi mwa watu.

Sasa niseme langu, kisha tuombe. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Anachora. Mwezi uliopita alikuja na karatasi akasema, "Baba, kaa tu hapo nikuchore, usitingishike." Nikamwambia baadaye, nina mkutano wa kamati. Alinichora kwa kukumbuka. Alinichora mgongo, nikitoka mlangoni. Nilidhani ni mzaha mpaka usiku ule wa matanga. Nikajiona nimelala ndani ya sanduku, na yeye anaulizwa anakumbuka nini. Atasema: baba alikuwa na mikutano.

Alhamisi nimekaa na wazee wa kanisa, na tumekubaliana. Kuanzia mwezi ujao hakuna kamati hapa Jumamosi alasiri. Yanayobaki tutayamaliza Jumatano baada ya maombi. Msinipigie simu Jumamosi saa kumi. Nitakuwa nimekaa kwa kiti, sitingishiki.

Na lile gitaa tumelipeleka kwa fundi, linawekwa nyuzi mpya. Kijana mmoja wa kwaya ameahidi kujifunza mtindo wa mzee ili tumwabudu Mungu nalo hapa. Mimi gitaa silijui. Ninajua chupa.

Kazi ya wiki, kwa ushirika wa nyumbani:
1. Kila mtu aje na kitu kimoja cha kushika kutoka nyumba aliyolelewa, na aeleze Mungu alifanya nini hapo.
2. Ni kipawa gani umekiweka uvunguni? Ni nani alikuambia, na alikuwa anaogopa nini?
3. Taja saa moja ya wiki hii utakayowapa watu wako. Mwenzako akuulize Jumapili kama uliitoa.

Tuombe. Baba, umetupa mikono na umetupa watoto. Tusamehe kwa jioni tulizozipoteza. Wale wasio na nafasi ya kupumzika, wafungulie mlango, na sisi tunaoshika ufunguo utulainishe mioyo. Rudisha nyimbo kwenye nyumba zilizonyamaza. Katika jina la Yesu, Amina.